Diwani wa Rumonge aanzie ufukweni

Ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge, mwendo wa kilomita 70 hivi, ziwa liko mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto, na barabara ya RN3 imebanwa katikati. Hiyo ndiyo njia ya ndagala, dagaa wa ziwa hili, na mawese kwenda sokoni, na ndiyo njia ya kijana aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Burundi. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, tope likaifunga barabara hiyo.

Mwaka huohuo Rumonge ilifanywa mkoa. Leo mkoa huo haupo: mwaka 2025 Burundi ilibaki na mikoa 5 na komini 42, mji ukaingia mkoa wa Burunga, na Gitaza, iliyo Muhuta, ikaenda mkoa wa Bujumbura. Kwa hiyo diwani wa Rumonge anayeitakia heri barabara yake hana budi kubisha hodi kwa jirani, na abishe wakati wa kiangazi, kabla mvua haijauporomosha mlima tena.

Lakini kwangu mimi, kazi yake ya kwanza iko ufukweni. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe bila majengo. Miaka hii ziwa limepanda, Gatumba, jirani na Bujumbura, imefurika mara kwa mara, na Aprili 2024 serikali iliomba msaada wa kimataifa. Ziwa lote hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kule Kalemie nchini Kongo. Diwani hana uwezo juu ya Lukuga. Ana uwezo wa kusimama barazani akapinga ukuta mwingine kujengwa ndani ya mita zile, hata kama mwenye ukuta ni mkubwa.

Hapo ndipo pagumu, maana ufuko si mtupu. Alfajiri mitumbwi ya taa ikirudi, wanawake huwa tayari wanasubiri. Hununua ndagala mbichi na kuzianika. Mvua ikiwawahi, mtaji umeoza. Sheria ikitumika kumfukuza mwanikaji na kumwacha mwenye hoteli, itakuwa dhuluma. Mwanikaji apewe vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya mchanga: vinaondoka kirahisi maji yakija, na ndagala hukauka upesi bila kokoto.

Na wenye nyumba? Rumonge inajua uchungu wa ardhi kuliko miji mingi. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walirudi wakakuta michikichi yao mikononi mwa wengine, na kesi zikafuatana miaka na miaka. Ndiyo maana sikubali mtu ahamishwe kwa tangazo la kipaza sauti. Apimiwe kiwanja kipya kwanza, jina lake na la mkewe yaandikwe kwenye hati, ndipo aanze kubomoa.

Vigingi vya mita 150 vinaweza kuchimbiwa kiangazi kimoja, mchana kweupe, wavuvi wakishika kamba ya kupimia.