Simu Inaambiwa Nini Inapojiunga na Waifai

Tabora ilikuwa njia panda muda mrefu kabla reli haijafika mwaka 1912. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa, kisha mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine ukaelekea Karagwe. Mpagazi mgeni hakutosheka na kuonyeshwa pa kulala. Alitaka kujua posho inatolewa na nani, njia ya kutokea mjini ni ipi, na atakaa hadi lini. Simu inayojiunga na waifai ya duka la steshenari pale Kanyenye ina maswali hayohayo, na anayeyajibu ni DHCP.

Wengi tukiisikia DHCP tunawaza anwani ya IP tu. Simu inauliza mtandao mzima kama kuna mwenye anwani, ruta inapendekeza moja, simu inaiomba, ruta inathibitisha. Jumbe nne, zimekwisha kabla hujafungua WhatsApp. Ila anwani peke yake haikufikishi hata kwenye ukurasa mmoja. Kazi kubwa hufanywa na machaguo, yaani maelekezo yenye namba yanayopachikwa mkiani mwa jumbe hizo.

Yatazame kwa karibu. Ndani ya jibu la ruta unaweza kukuta baiti hizi sita: 3, 4, 192, 168, 1, 1. Ya kwanza inataja jambo: chaguo namba 3 ni mlango wa kutokea kwenda intaneti. Ya pili inasema zinafuata baiti nne. Zilizobaki ni jibu lenyewe, 192.168.1.1. Halafu inakuja 51, 4, 0, 1, 81, 128. Namba 51 ni muda wa kuazima anwani, na baiti nne za mwisho zikisomwa pamoja ni sekunde 86,400, siku nzima. Nusu ya muda huo ikipita, simu inaomba kuongezewa bila kukusumbua. Namba 6 inataja seva za DNS, na 255 inafunga orodha.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye ile baiti ya urefu. Kifaa kikikuta namba kisiyoijua, kinahesabu baiti, kinairuka na kuendelea. Ndiyo maana Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, alipochapisha DHCP mwaka 1993, hakulazimika kuitupa BOOTP, itifaki iliyoitangulia ya mwaka 1985. Aliendeleza umbo lake. Na ndiyo maana machaguo mapya yameendelea kuongezwa bila printa za zamani kugoma.

Mengine hata hatuyawazi. Namba 66 huielekeza simu ya mezani ya ofisini kwenye seva ya kuchukulia mipangilio yake. Namba 2 ilitaja saa za nchi kwa sekunde, kwa Tanzania 10,800 mbele ya saa ya dunia. Ilistaafishwa mwaka 2007, nafasi yake ikachukuliwa na 100 na 101. Kifaa nacho hutuma chaguo 55, orodha ya mambo kinayotaka kuambiwa, na mpangilio wa orodha hiyo mara nyingi hutosha kumjulisha fundi kama aliyeingia ni Android au printa.

Kasoro yake ni kuamini. DHCP ya kawaida haiulizi kitambulisho: anayejibu, kwa kawaida yule wa kwanza, ndiye anayesikilizwa. Mwaka 2024 watafiti wa Leviathan Security walionyesha kwamba chaguo 121, linalogawa njia za ziada, linaweza kuvuta data nje ya VPN huku mtumiaji akidhani yuko salama. Android ilinusurika kwa sababu haisomi kabisa chaguo hilo.

Kwenye steshenari hatari ya kila siku si mdukuzi. Mtu anachomeka ruta ya pili kwenye swichi ili waifai ifike chumba cha nyuma, nayo inaanza kugawa anwani na mlango usio na intaneti. Nusu ya kompyuta zinafanya kazi, nusu hazifanyi, lawama zote anabebeshwa mtoa huduma. Swichi za gharama huweza kuamriwa ni tundu lipi liruhusiwe kujibu. Za bei nafuu hazina uwezo huo. Kwenye Windows, andika ipconfig /all uangalie mstari wa seva ya DHCP. Ukikuta namba isiyo ya ruta yako, anza kufuata nyaya.