Gari la mradi likibonyea: tulipe taslimu au tudai bima?

Kwa magari yanayozunguka vijijini Kasulu na Kibondo, bodi kubonyea si habari ngeni. Mara baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi imeegemea mlango sokoni, mara dereva anarudi nyuma na kugonga nguzo ya geti, mara ng'ombe amekatiza barabara jioni. Gari likifika ofisini huja swali lile lile: kama tumelipia bima kubwa kila mwaka, kwa nini tumlipe fundi kutoka mfuko wetu?

Ndugu msomaji, kwanza angalia ni bima ipi uliyo nayo. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo, inahusu madhara uliyowasababishia wengine. Haitanyoosha madigadi yako. Pikipiki nyingi za miradi zina bima hiyo tu, kwa hiyo kwao hakuna la kuchagua. Uamuzi upo kwa magari yenye bima kubwa.

Katika bima kubwa kuna mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyasomi siku ya kuchukua stika. La kwanza ni ekses, yaani sehemu ya gharama inayobaki kwako kila unapodai. La pili ni punguzo la kutodai: ukimaliza mwaka bila dai, kampuni inaweza kukupunguzia ada ya mwaka unaofuata, na ukidai punguzo hilo hupungua au huondoka kabisa.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme gari limekatiwa bima kwa thamani ya shilingi 60,000,000 na ada kamili ni 2,100,000. Mkataba unasema ekses ni asilimia 10 ya dai, lakini isipungue 500,000. Punguzo lako mwaka ujao lingekuwa asilimia 10, yaani 210,000. Mlango umebonyea, na fundi bodi anataka 700,000 kwa kunyoosha, puti na rangi. Ukidai, kampuni italipa 200,000 tu, na mwakani utapoteza 210,000. Umejaza fomu, umesubiri, na mwisho umepata hasara ya shilingi 10,000. Lakini kama boneti, taa na rejeta vimeharibika na gharama ni 4,000,000, kampuni italipa 3,500,000. Hapo kutodai ni kuitupa fedha ya mradi. Weka tarakimu za mkataba wako mahali pa hizi. Viwango hutofautiana, na kama punguzo limekusanyika kwa miaka kadhaa, hasara ya kudai ni kubwa zaidi.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba. Gari lisitengenezwe kabla mkadiria hasara hajaliona au kampuni haijakubali, na mara nyingi itabidi atoke Kigoma mjini au mbali zaidi. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni karibu kilomita 100, na Kibondo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kama gari bado linatembea salama, kungoja si tatizo. Kama limesimama na mradi unakodi jingine kwenda Nyarugusu au Nduta, ziingize siku hizo kwenye hesabu.

Hata hivyo, usiamue kwa kutazama bati peke yake. Bampa iliyosogea kidogo inaweza kuficha mkono wa rejeta uliopinda au chesisi iliyoguswa. Mwombe fundi afungue na kukagua kabla ya kutaja bei. Kazi ikishaanza kwa taslimu, ni vigumu kuirudisha kwa kampuni ya bima.

Kuna mahali ambapo hesabu hii haitumiki kabisa. Mtu akijeruhiwa, hata mwendesha baiskeli aliyeinuka na kusema yuko salama, au mali ya mtu mwingine ikiharibika, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima mara moja. Dereva asimalizane kwa noti chache barabarani, wala asiandike karatasi ya kukubali kosa. Maumivu huweza kujitokeza baada ya wiki, na kampuni ambayo haikupewa taarifa kwa wakati inaweza kukataa kulipa. Kutoa taarifa si sawa na kudai: unaweza kuijulisha kampuni kwa maandishi na bado ukalipia bodi yako mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni madereva wanaoficha. Dereva akiogopa kukatwa mshahara, humtafuta fundi wa mtaani Jumamosi, analipa kutoka mfukoni, na Jumatatu gari linarudi likiwa na rangi mpya na taa inayomulika pembeni. Ofisi haijui lolote, na tarehe ya kutoa taarifa imepita. Wakuu wa vituo wakumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi hivi hivi. Lazima akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake.

Kwa wale watakaolipa taslimu: chukueni makadirio ya mafundi zaidi ya mmoja, pigeni picha kabla na baada, na ulizeni mapema kama gereji inatoa risiti ya mashine ya kielektroniki. Mafundi hodari wa Kasulu wapo, lakini wengine hawana mashine hiyo, na mkaguzi wa hesabu hatakubali karatasi ya daftari, hata mlango uwe umenyooka vipi.