Mungu Anamsikia Nani Mwingine?

Kila mara utawakuta watu wameteremka katika mapango ya Menengai, karibu na mji wa Nakuru, kufunga na kuomba. Wamo Wakorino wenye vilemba vyeupe, wamo Wapentekoste, wamo na wasio na kanisa maalumu. Wengi wana haja zao: kazi, mtoto mgonjwa, kesi ya shamba isiyokwisha. Sioni ubaya wowote hapo. Aliyebanwa humlilia Mungu, na ndivyo ilivyokuwa katika Bonde la Ufa kabla ya kanisa la kwanza kujengwa. Wazee wa Kikalenjin walimwomba Asis wakielekea mawio ya jua. Mama wa Kimaasai alimnyunyizia Enkai maziwa ya asubuhi. Mvua ilipokatika, wazee wa Agikuyu walimchinjia Ngai kondoo wa rangi moja chini ya mti wa mugumo.

Wapo wanaosema kwamba hiyo ilikuwa imani changa, na kwamba ukomavu ulikuja na wamisionari. Mimi nadhani wamekosea kipimo. Ukomavu wa imani hauonekani katika jina la Mungu wala mahali pa ibada. Huonekana pale anayeomba anapoulizwa: Mungu wako anamsikia nani mwingine?

Masimulizi ya Wamaasai yanasema Enkai aliwakabidhi wao ng'ombe wote wa duniani. Ya Agikuyu yanasema Ngai alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka Mlima Kirinyaga, akampa yeye na uzao wake. Wana wa Israeli nao walisimulia vivyo hivyo kuhusu Kanaani. Masimulizi ya aina hii huipa jamii nguvu ya kuvumilia njaa na vita. Hatari huja pale jamii mbili, kila moja na hati yake kutoka mbinguni, zinapokutana kwenye shamba moja. Ukristo haukuiondoa hatari hiyo. Wamisionari waligawana maeneo, kanisa la Africa Inland (AIC) likashika mizizi kwa Wakalenjin na lile la Presbyterian (PCEA) kwa Agikuyu, hata dhehebu la mtu likaweza kukudokezea kabila lake.

Mwanateolojia Mmarekani James Fowler, katika kitabu chake cha 1981, alieleza hatua sita za kukua kwa imani. Inayotuhusu zaidi ni ya tatu. Hapo mtu ameipokea imani kutoka kwa wale anaowapenda, anaiishi kwa uaminifu, lakini hajawahi kuiweka mbele yake na kuihoji. Fowler aliona kwamba watu wazima wengi hubaki katika hatua hiyo. Si dhambi. Lakini kundi lake likipotoka, mtu huyo hana pa kusimama alikatae, kwa sababu sauti ya kundi na sauti ya Mungu anazisikia kama sauti moja.

Molo ililijua hilo mapema miaka ya 1990, majirani wa makabila tofauti walipopigana. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, zamu ikawa ya Nakuru mjini na Naivasha, na Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofurushwa. Ghasia zilikuwa zimeanza siku chache tu baada ya Krismasi, katika eneo ambalo wakazi wengi ni Wakristo. Walioimba kuzaliwa kwa Mfalme wa Amani walikuwa pande zote mbili.

Palikuwa na waliokomaa, na ni haki kuwataja. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, Askofu Mkatoliki wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alisema hadharani kwamba serikali ilikuwa na mkono katika mapigano ya miaka ya 1990. Aliyasema wakati kusema hivyo kulikuwa hatari, na yeye, mzaliwa wa Ukambani, angeweza kunyamaza na kuyaita mambo ya wenyewe.

Kisha, Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) lilitoa tamko ambalo halitajwi vya kutosha. Viongozi wake walikiri kwamba walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hiyo wakashindwa kukemea. Wakaomba msamaha. Ni nadra taasisi ya dini popote duniani kuungama mbele ya waumini wake bila kulazimishwa na mahakama.

Vijana wanaoandaliwa kipaimara leo Molo, Njoro na Kuresoi hawakuwa wamezaliwa wakati huo, au walikuwa wachanga mno. Ningependa wapewe tamko lile wakiwa darasani, kando ya katekisimu, na mwalimu awaache waulize lolote watakalo.