Ekipe inapoteza kila wiki: kocha apimwe namna gani?

Matchi ya tatu imepotezwa mfululizo, na kwenye tribini watu wameanza: «Kocha atoke!» Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Bunia, kila mpenzi wa mpira anaijua hali hiyo. Komite inakutana usiku, asubuhi kocha anaambiwa afunge virago. Lakini je, matokeo peke yake yanatosha kuonyesha kama kocha anafanya kazi ao hapana? Wanaofuatilia mpira kwa karibu huangalia mambo matano.

Alianzia wapi?

Kocha hapimwi kama mtu aliyekuta nyumba imekwisha kujengwa. Tuchukue mfano wa Léopards. Mfaransa Sébastien Desabre alipewa ekipe ya taifa mwezi wa 8 mwaka 2022. Alikuta imekwisha kupoteza matchi mbili za kwanza za kutafuta tiketi ya CAN: 0-1 na Gabon pale Kinshasa, kisha 1-2 kule Sudan. Alikuta pointi sifuri. Ekipe hiyo ilimaliza ya kwanza katika kundi lake.

Kule Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024, Léopards walicheza matchi saba na kushinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya Guinea, 3-1. Walitoka sare na Zambia, Morocco na Tanzania, wakaitoa Misri kwa penalti. Mwisho wakawa wa nne Afrika. Anayehesabu ushindi peke yake atasema ni kidogo. Anayekumbuka mahali walipotoka ataona hatua kubwa.

Inapoteza namna gani?

Kupoteza 0-1 dakika ya 88 na kupoteza 0-5 si kitu kimoja, hata kama zote zinaleta pointi sifuri. Msimu wa 1989-1990, Manchester United ya Alex Ferguson ilipoteza matchi 16 kati ya 38. Ilipigwa 5-1 na majirani wao Manchester City, ikamaliza ya 13. Ferguson alikuwa pale tangu mwezi wa 11 mwaka 1986, na watu wengi walitaka aondoke. Lakini ukiangalia magoli, United ilifunga 46 na kufungwa 47. Tofauti ni goli moja tu. Ekipe iliyobomoka haiwezi kuwa na hesabu ya namna hiyo. Viongozi walimuacha. Msimu uleule akabeba Kombe la FA, na mwaka 1993 akaleta ubingwa uliokuwa umekosekana miaka 26.

Makosa ni yaleyale?

Kama mwezi wa kwanza ekipe ilikuwa inafungwa kwa koner, na mwezi wa nne ingali inafungwa kwa koner ileile, kocha ana swali la kujibu. Kama kosa la zamani limekwisha na sasa tatizo ni washambuliaji kukosa goli, basi kuna kitu kinafundishwa.

Wachezaji wanakua?

Angalia kijana mmoja mmoja. Beki aliyekuwa anapiga mpira juu tu, leo anaweza kumpasia mwenzake? Je, wanakimbia mpaka dakika ya mwisho hata wakiwa nyuma? Wachezaji waliokwisha kumkataa kocha wao wanaonekana: wanatembea uwanjani, wanagombana wenyewe kwa wenyewe.

Alipewa nini?

Kwa ekipe za mashariki hili ndilo jambo linalosahauliwa haraka. Ili kucheza Kinshasa ao Lubumbashi lazima ndege, na ndege inataka dola. Vita imevuruga maisha ya wachezaji na ya familia zao. Kijana anayekuja mazoezi bila kula hawezi kukimbia dakika 90, hata akifundishwa na nani. Kabla ya kumhukumu kocha, komite nayo ijiulize kama ilitimiza ahadi zake.

Si kila anayepoteza avumiliwe

Kutaja Ferguson si kusema kila kocha anayepoteza ni Ferguson. Kama magoli ya kufungwa yanaongezeka, makosa ni yaleyale, vijana hawasongi mbele na chumba cha kuvalia kimegawanyika, kungoja ni kupoteza wakati. Pale kumuachisha kunaeleweka.

Lakini kufukuza nako kuna bei. Kocha mpya anaanza upya kujua wachezaji, anabadilisha namna ya kucheza, na mara nyingi anaomba watu wake. Yule aliyetoka bado anadai pesa ya mkataba. Ekipe inayobadilisha makocha watatu kwa mwaka inalipa watatu na haijengi na hata mmoja.

Ndiyo maana ni vizuri komite na kocha wakubaliane mapema, mbele ya msimu kuanza: lengo ni nini, atapimwa baada ya matchi ngapi, na kwa vitu gani. Wakiandika hayo kwenye karatasi, siku ya kupoteza watakuwa na kitu cha kusoma pamoja, na kelele za tribini hazitakuwa sauti pekee ndani ya mkutano.