Vyumba vya kupangisha: jina lako, ubia au kampuni?

Pamba ikishauzwa hapa Dutwa, vijana wengi wanakimbilia kujenga vyumba vya kupangisha au frem. Ni wazo zuri, maana kodi ya mpangaji haisubiri mvua. Swali ninaloulizwa sana ni, "Bwana shamba, nifungue kampuni?" Nami huwa nauliza kwanza: mmejenga wangapi, na una madeni gani?

Uko peke yako, vyumba vitatu vinne. Miliki kwa jina lako. Gharama ni ndogo na hesabu ni rahisi. Ila deni la pembejeo likikushinda, anayekudai anaweza kufika mpaka kwenye vyumba. Kusajili jina la biashara BRELA hakubadilishi hilo, kwa sababu kisheria wewe na hilo jina ni mtu mmoja.

Mmejenga wawili au zaidi. Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Tuseme kiwanja ni cha kaka, bati na saruji katoa mdogo wake, maandishi hakuna. Kaka akifariki, warithi wanashika hati, mdogo anabaki na maneno. Andikeni mkataba: nani katoa nini, hisa ya kila mmoja, kodi inagawanywaje, anayetaka kutoka analipwaje. Majina ya wote yaingie kwenye hati. Na mjue, kwenye ubia mwenzako akikopa kwa ajili ya biashara, nawe unadaiwa.

Kampuni. Nyumba inakuwa mali ya kampuni, ninyi mnabaki na hisa. Mmoja akifariki zinarithiwa hisa zake, nyumba inabaki ya kampuni. Lakini kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida, na kila mwaka inapeleka hesabu TRA na taarifa BRELA, hata vyumba vikiwa vitupu. Benki nayo mara nyingi inataka wakurugenzi waweke dhamana binafsi, kwa hiyo kinga siyo kamili. Kwa vyumba vinne ni mzigo. Kwa jengo la frem kumi la watu watano, inafaa kuifikiria.

Muundo wowote utakaochagua, mpangaji mwenye biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mwombe uthibitisho, uutunze.

Kabla hujachimba msingi, nenda ofisi ya kijiji ukahakikishe kiwanja kimeandikwa jina la nani.