Mshale wa Joto Kwanza, Nyufa Baadaye

Pikapu za miaka ya 1990 bado zinapiga kazi Nyanda za Juu Kusini: Hilux zinazoshusha viazi kutoka Uporoto, zinazobeba nyanya za Ilula na mbao za Mafinga. Injini zake zinatunzwa. Kilichotelekezwa ni dashibodi: juu imepasuka, matundu ya hewa yameng'oka, mshale wa joto umelala chini tangu mwaka juzi. Mwenye gari akishika fedha kidogo hukimbilia kuziba nyufa. Mimi humwambia aanze na mshale.

Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi joto 94 tu, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta huyabana yasichemke mpaka yapite 110, lakini mpira wake ukichoka kinga hiyo inakwisha, na injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na ushee. Nafasi inayobaki ni ndogo mno. Ukiwa na mzigo unapandisha mlima wa Kitonga, anayewahi kukuonya ni huo mshale. Ukingoja mvuke utoke chini ya boneti, gasketi ya silinda hedi imeshaungua.

Kuupima mshale si kazi kubwa. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa ya joto kwenye injini, uugusishe kwenye bodi kupitia balbu ndogo. Mshale ukipanda, geji ni nzima na ubovu uko kwenye sensa. Usipopanda, kagua fyuzi, waya na geji yenyewe. Mshale wa joto na wa mafuta ikikosea kwa pamoja, usikubali kuuziwa sensa mbili: mara nyingi ni ethi iliyolegea au kidhibiti cha umeme kinacholisha geji zote mbili. Nyuma ya geji kuna karatasi laini yenye njia nyembamba za shaba. Vumbi na unyevu vikiingia, shaba hushika kutu ya kijani. Futa taratibu kwa spiriti. Ukisugua kwa msasa utaing'oa. Na angalia balbu ya taa ya oili: kuna wanaoichomoa ili gari liuzike.

Sasa plastiki. Jua la nyanda za juu ni kali kuliko baridi yake inavyokudanganya, na miaka thelathini ya jua hilo huifanya iwe kavu kama biskuti. Asubuhi ya Julai usiguse klipu hata moja. Ondoa waya wa hasi wa betri, egesha gari juani mpaka kabini ipate joto, ndipo ufungue skrubu zote, pamoja na zile zilizofichwa nyuma ya kisanduku cha glavu, kabla ya kuvuta. Kinachogoma kutoka kina skrubu uliyoisahau.

Kabla ya kugundisha, soma herufi za aina ya plastiki zilizochapwa mgongoni mwa kipande. ABS huyeyuka kwa asitoni: loweka vipande vya ABS chakavu mpaka viwe uji, paka kwa nyuma, acha usiku kucha. PP haisikii asitoni wala gundi za kawaida. Hiyo huunganishwa kwa pasi ya kuchomelea na wavu mwembamba wa waya. Supagluu hushika haraka na kuachia haraka zaidi kwenye barabara ya vumbi, na mvuke wake hufubaza kioo cha geji.

Ukiamua kununua dashibodi ya mtumba, chukua iliyotoka kwenye gari la usukani wa kulia. Zile za magari ya usukani wa kushoto, kama yale ya nchi za Ghuba, hazikai. Linganisha soketi za nyuma moja moja, na usichanganye ya petroli na ya dizeli, maana geji ya mizunguko ya injini itakudanganya. Spidomita ya waya ikicheza cheza, badilisha waya kwanza, ni nafuu. Ukilazimika kubadili spidomita nzima, andika kilomita za ile ya zamani na tarehe kwenye karatasi, uitunze pamoja na kadi ya gari. Mnunuzi ana haki ya kuiona.