Simu Kwenye Usukani: Wajibu wa Dereva na wa Anayempigia



Wamo katika familia zetu za Unguja na Pemba vijana na akina baba wanaoendesha malori bara, wakipeleka makontena na mafuta Rwanda na Burundi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ngwe ya mwisho hupita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, kisha Benaco, wilayani Ngara, hadi mpaka wa Rusumo kwenye mto Kagera. Wa Burundi hukata kuelekea Kabanga. Ni njia ya milima na kona, na vijijini watoto wa skuli, baiskeli na bodaboda hutumia lami hiyo hiyo. Dereva hufika huko akiwa amechoka, na mara nyingi ndipo simu ya nyumbani inapolia.

Hatari yenyewe

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Akisoma ujumbe kwa sekunde 5 tu, dereva amekwenda zaidi ya mita 110, kama urefu wa uwanja wa mpira, bila kuona mbele. Lori lililosheheni nalo halisimami hapo hapo, hasa likiwa kwenye mteremko.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba anayetumia simu huku akiendesha yumo katika hatari ya ajali takriban mara 4 kuliko asiyetumia. Vifaa vya masikioni haviondoi hatari hiyo. Mikono huwa huru, lakini akili imekwenda kwenye mazungumzo.

Dini inasemaje?

Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujiingiza wenyewe katika maangamizi. Mtume (s.a.w.) naye ameharamisha kujidhuru na kudhuru wengine. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei, liliamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini. Huko bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha kwa uzembe na kwa hatari. Kwa hiyo asidhani dereva kwamba akimkwepa askari basi mambo yamekwisha.

Jambo zito zaidi limo katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Aliyeua kwa kukosea hulazimika diya kwa warithi wa marehemu, ila wakisamehe, pamoja na kafara ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hakukusudia kuua, ni kweli, lakini roho imetoka na haki ya watu imebaki shingoni mwake.

Na anayepiga je?

Asiyejua kama mwenzake yuko kwenye usukani hana lawama. Lakini anayejua, kisha akang'ang'ania kupiga mara tatu, mara nne, na kununa asipopokelewa, anamsukuma ndugu yake kwenye hatari. Suratul Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi.

Tufanye nini?

- Swali la kwanza simu inapopokelewa liwe: "Unaendesha?" Akijibu ndiyo, mkateni kwa upole: "Ukisimama utanipigia, inshaAllah."
- Wekeni miadi ya kuzungumza. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Akisimama kusali, hapo ndipo azungumze na watoto.
- Dereva aizime sauti ya simu kabla ya kuondoka na kuiweka mbali na mkono. Kama yupo utingo, yeye ndiye apokee.
- Likitokea la dharura, atafute pahala palipo wazi pa kuegesha, nje ya barabara, si kwenye kona wala mlimani.
- Habari ya msiba isipelekwe kwa ujumbe mtu akiwa njiani. Isubiri mpaka asimame.

Mama anayempigia mwanawe humpigia kwa mapenzi. Basi mapenzi hayo yamwache afike kwanza. Simu isiyopokelewa itapigwa tena jioni, lakini aliyekufa barabarani hapigiwi tena.

Tunamuomba Allah awalinde wasafiri wetu wote na awarejeshe nyumbani salama. Amin.